Amplifaya za Besi kwa Panki: Kwa Nini Wasee Hubeba Friji Jukwaani, na Vile Wewe Utaskika Bila Kuwa Nayo

Kama umewahi panda nganya ya Rongai jioni, unajua besi. Ile kitu inakugonga kifua hadi simu inatetemeka mfukoni, na ukishuka steji bado masikio yanavuma. Kwa hivyo msee akikushow anacheza besi kwa bendi ya panki, unadhani ni hiyo hiyo tu. Zii. Besi ya panki ni mnyama mwingine kabisa.

Na hapa ndo wengi wanaoanza huumia. Wanaset amplifaya isound kama nganya, wakiwa peke yao kwa keja inabamba vibaya sana. Siku ya shoo, gitaa linaingia, ngoma zinaingia, na wao wanapotea. Unaona vidole vikisonga lakini huskii kitu. Mazoezi ya miezi mitatu yameenda na maji.

Hii ni ya wewe unayecheza besi, unayetaka kuanza, ama shabiki tu anayejiuliza kwa nini hao jamaa husukuma kabati kubwa kama friji kila shoo. Na tukisema panki hatumaanishi ile ya kinyozi, ingawa hizo mbili ni ndugu. Tunamaanisha ule muziki wa roki wa haraka, mfupi, wa hasira, uliolipuka New York na London miaka ya 1970.

Kwanza, elewa kazi ya besi kwa panki

Chukua Ramones. Hawa ni wasee wa Queens, New York, walioanza bendi 1974. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1976: nyimbo 14 ndani ya dakika 29 hivi, na kuirekodi kuligharimu kama dola 6,400 tu. Iskize na headifoni. Gitaa limewekwa sikio moja, besi sikio lingine. Toa sikio moja uone vile besi imebeba nusu nzima ya wimbo peke yake.

Hiyo ndo siri. Kwa bendi nyingi za panki kuna gitaa moja tu, na mara nyingi hakuna kinanda. Gitaa likisimama kidogo, kinachobaki ni ngoma na wewe. Kwa hivyo besi haikai chini ikinguruma taratibu kama kwa reggae. Inakuwa kama gitaa la pili, lenye sauti nzito na makwaru.

Sasa cheki hesabu kidogo. Uzi mnene wa besi, ule wa E, unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, yaani 41 Hz. Subwufa ya nganya imejengwa kutoa hizo sauti za chini kabisa. Lakini kila noti inakuja na wenzake wa juu: 82, 123, 164, na kuendelea. Hao wenzake wa juu ndo sikio hutumia kujua umepiga noti gani. Kwa ukumbi mdogo uliojaa makelele, sauti ya 41 Hz inageuka tu uji. Unaifeel, lakini hujui ni noti gani. Sauti za kati ndo zinapenya.

Shika hiyo moja hata ukisahau zingine zote: besi ya panki inaishi katikati, si chini.

Friji yenyewe: Ampeg SVT

Ukiona picha za bendi za panki za Marekani, mara nyingi nyuma ya msee wa besi kuna kabati refu jeusi na kichwa kikubwa juu yake. Hiyo ni Ampeg SVT, na wanamuziki huita hilo kabati friji.

SVT ilitoka 1969. Wakati huo amplifaya ya wati 100 ilikuwa bazu. SVT ikaja na wati 300 na valvu 14, zile chupa za glasi zinazowaka rangi ya chungwa. Rolling Stones waliibeba kwa ziara yao ya Marekani mwaka huo huo. Kabati lake lina spika nane za inchi 10 na limefungwa pande zote.

Hizo spika nane ndogo ndo ujanja wenyewe. Spika ya inchi 10 ni nyepesi, inasonga haraka na kurudi haraka, kwa hivyo noti za kasi hazishikani. Zikiwa nane pamoja zinasukuma hewa mob. Na kwa sababu kabati limezibwa, halishuki chini sana kama subwufa. Linakata ule uji wa chini na kukuachia ngurumo ya kati. Yaani friji inakufanyia nusu ya kazi hata kabla uguse nobu yoyote.

Valvu nazo zina tabia yake. Amplifaya ya transista ukiisukuma kupita uwezo wake, sauti inakatika vibaya, kama spika ya simu iliyochoka. Valvu zikisukumwa, sauti inaanza kukwaruza polepole, inakuwa nene na tamu. Ndo maana wati 300 za valvu huskika kubwa kuliko vile namba inasema.

Dee Dee Ramone, yule aliyekuwa anahesabu 1-2-3-4 kabla ya kila wimbo, alipitisha besi yake ya Fender Precision kwa SVT. Miaka mingi baadaye Matt Freeman wa Rancid naye akasimama mbele ya SVT. Huyu Freeman, ukitaka kujua besi inaweza enda wapi kwa panki, tafuta "Maxwell Murder" kwa albamu yao ya 1995. Solo kwa hiyo ngoma ni ya besi, si ya gitaa, na kila noti unaiskia wazi.

Kuna kichekesho hapa. Mwanzilishi wa Ampeg, Everett Hull, alikuwa msee wa jazz aliyecheza besi ile kubwa ya kusimama. Hakupenda roki, na hakutaka kuskia amplifaya zake zikikwaruza hata kidogo. Alikuwa ameshauza kampuni SVT ilipotoka. Jina lake likaishia kubebwa na wasee wa makelele kuliko wote.

Njia ya Uingereza: Marshall na Lemmy

Si kila mtu alienda njia ya friji. Uingereza kulikuwa na Marshall, na hakuna aliyeitumia kwa besi kwa fujo kama Lemmy wa Motörhead. Wengine watasema Motörhead si panki, ni metali. Sawa. Lakini mapanki walimpenda, naye aliwapenda, hadi 1991 Motörhead wakatoa wimbo mzima wa kuwasifu Ramones.

Lemmy alicheza besi ya Rickenbacker kupitia Marshall Super Bass aliyoipa jina "Murder One". Setingi yake ni ya kukushangaza: besi sufuri, trebo sufuri, sauti ya kati juu kabisa. Msee wa besi amezima besi! Alafu alipiga kodi nzima kama gitaa, nyuzi mbili tatu kwa mpigo. Ukiskia Motörhead na udhani kuna magitaa mawili, moja ni Lemmy.

Sisemi uzime besi yako kama yeye. Lakini angalia: New York walitumia friji, Lemmy akatumia Marshall, na wote walifika pale pale. Katikati.

Mkono kabla ya mashine

Hii sehemu haitakugharimu hata shilingi, kwa hivyo usiiruke.

Besi iliyotawala panki ni Fender Precision, iliyotoka 1951. Dee Dee alikuwa nayo. Sid Vicious wa Sex Pistols pia. Paul Simonon wa The Clash alikuwa nayo, na ndo ile anaivunja kwa jalada la "London Calling", picha iliyopigwa na Pennie Smith New York, Septemba 1979. Precision haina mambo mengi: nobu ya volyumu, nobu ya toni, basi. Sauti yake yenyewe inakaa katikati. Kopi za bei nafuu za hiyo besi ziko mob, na nyingi zinafanya kazi vizuri tu.

Alafu kuna piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi. Vidole hutoa sauti ya mviringo. Piki hutoa mgongo mkali mwanzoni mwa kila noti, ule "tak" unaopita katikati ya makelele. Dee Dee alipiga kwenda chini tu, chini, chini, chini, bila kurudi juu, wimbo mzima. Jaribu hiyo kwa dakika tatu uone vile mkono utawaka moto. Lakini ndo inafanya kila noti iwe sawa na mwenzake, kama mashine ya kushona.

Na ujue vifaa havichezi wenyewe. Sid Vicious ndo sura ya besi ya panki inayojulikana zaidi duniani. Lakini kwa albamu ya Sex Pistols ya 1977, besi kwa nyimbo nyingi ilipigwa na Steve Jones, msee wa gitaa. Sid alikuwa na besi sawa, jaketi sawa, nywele sawa. Kazi ndo ilikuwa shida.

Vile ya kuset nobu ukiwa na dakika tano

Hii ndo hali halisi ya shoo nyingi Nairobi: bendi nne, amplifaya moja ya ukumbi, na unapewa dakika tano kabla uanze. Hakuna wakati wa kusaka sauti ya ndoto yako. Fuata hii:

1. Weka nobu zote katikati. Usianze na setingi za msee aliyetoka.

2. Panda geini hadi ukipiga kwa nguvu sauti ikwaruze kidogo, na ukipiga polepole iwe safi. Hiyo ndo mpaka.

3. Pandisha sauti ya kati. Kama kuna nobu ya kuchagua ni kati ipi, tafuta karibu na 800 Hz. SVT za zamani zilikuwa na swichi ya hatua tatu, 220, 800 na 3,000 Hz, na hiyo ya 800 ndo inatoa ile ngurumo inayotambulika.

4. Gusa besi pole. Ukumbi mdogo wenye kuta za simiti tayari unaongeza chini. Ukiona glasi za baa zinatetemeka na noti hazieleweki, punguza.

5. Trebo iweke hadi uskie "tak" ya piki, alafu simama hapo.

6. Skiza na bendi nzima, si peke yako. Sauti inayoskika mbaya ukiwa solo, yenye pua pua na makwaru, mara nyingi ndo inayokaa vizuri kwa mbogi. Na ile tamu ya chumbani ndo inayopotea.

Adui mkubwa anaitwa tabasamu. Ni ile setingi ya besi juu, kati chini, trebo juu, ukichora inakaa kama mtu anacheka. Kwa keja ni tamu. Jukwaani, ngoma kubwa inakula besi yako, matoazi yanakula trebo yako, na kule kati ulikokuwa uskike umekutoa mwenyewe.

Huna friji? Relax

SVT mpya ya valvu inaenda zaidi ya dola 2,000 kwa kichwa pekee, kabla ya kabati, usafiri na ushuru. Kichwa ni karibu kilo 40, kabati ni zaidi ya kilo 60. Hiyo huwezi beba kwa nduthi. Hata Probox italalamika. Usichukue lони kwa sababu ya picha ya Dee Dee.

Njia ya kwanza ni kisanduku cha DI chenye makwaru. Kinachojulikana zaidi ni SansAmp Bass Driver DI ya Tech 21. Kinaiga tabia ya amplifaya ya valvu, na ukubwa wake ni kama kitabu kidogo. Unachomeka besi, unatoa waya moja kwa mikisa ya ukumbi, na nyingine kwa amplifaya yoyote iliyoko. Sauti yako unaibeba kwa begi. Hata ukipata amplifaya mbovu, watu mbele bado wanakuskia wewe.

Ukinunua pedali ya distoshoni, hakikisha ina nobu ya kuchanganya sauti safi na chafu. Distoshoni nyingi hunyonya sauti ya chini, besi inageuka nzi kwa chupa. Acha sauti safi ipite chini, ile chafu ikae juu yake.

Njia ya pili ni amplifaya ndogo za kisasa za daraja la D. Zinatoa wati 500 na uzito wa kilo tatu hivi, na kabati la spika mbili za inchi 10 linatosha baa nyingi. Hazina joto la valvu, lakini ukiweka kisanduku cha makwaru mbele yake, hakuna shabiki atajua tofauti.

Kuhusu wati, usidanganywe na namba. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu zaidi, tofauti ndogo. Ili iskike kama mara mbili kwa sikio unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa hivyo kutoka 300 hadi 500 si kitu kikubwa. Spika nzuri na setingi ya kati zitakusaidia zaidi.

Makosa yatakayochoma mashine

Hapa usicheze, kwa sababu mara nyingi mashine si yako.

*Stima.* Amplifaya iliyotoka Marekani imejengwa kwa volti 120. Soketi ya Kenya inatoa 240. Kama huwezi kuibadilisha ndani, unahitaji transfoma ya kushusha yenye nguvu ya kutosha. Kubadilisha plagi pekee ni kuichoma mbele ya mashabiki. Soma bamba la nyuma kabla uchomeke.

*Kichwa cha valvu bila spika.* Usiwashe kamwe kichwa cha valvu kama hakijaunganishwa na kabati. Nguvu inakosa pa kwenda na transfoma ya ndani inaweza kufa. Pia, kama kuna swichi ya kusubiri, iache dakika moja valvu zipate joto.

*Ohmu.* Kabati mbili za ohmu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa ohmu 4. Mbili za ohmu 4 zinakuwa 2. Kama amplifaya imeandikwa kiwango cha chini ni ohmu 4, usiipeleke 2.

*Waya.* Waya ya gitaa na waya ya spika zinafanana kwa nje lakini si moja. Ya gitaa ni nyembamba ndani, na ukiitumia kwa spika inaweza kupata moto.

*Athi.* Ukigusa maikrofoni na mdomo na upigwe na shoti, simamisha shoo. Usifunge athi kwa tepu ili kuondoa mvumo. Wanamuziki wamekufa kwa hiyo.

Masikio hayana spea

NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inasema desibeli 85 ni sawa kwa masaa nane kwa siku. Kila ukiongeza 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 100, umebaki na dakika 15. Shoo ya panki kwa chumba kidogo inapita hapo bila kutoka jasho. Vizibo vya masikio ni bei ya chipo na soda. Ule mlio unaobaki ukirudi kwa nyumba ni onyo, na siku moja unaweza kuja na usiondoke.

Ujanja mwingine: usiweke kabati chini likielekea magoti yako. Magoti hayana masikio. Liinue ama liinamishe likuangalie, utajiskia vizuri bila kupandisha volyumu.

Na sisi huku?

Panki si kitu cha kuangalia YouTube pekee. Nairobi kuna Crystal Axis, mbogi ya panki iliyoimba kuhusu Nyayo House na yale mateso ya chini kule, na kuhusu Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeinyonya Kongo. Hizo ni nyimbo ambazo mtu anafaa kuskia kila kitu ndani yake. Besi ikipotea, nusu ya ile hasira imepotea.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla uanze kusaka friji ya dola elfu mbili, fanya hivi: chukua besi uliyonayo, weka nobu zote katikati, pandisha ya kati kidogo, shika piki, na upige chini-chini kwa wimbo mmoja mzima na mpigaji ngoma kando yako. Ambia rafiki asimame mwisho wa chumba. Muulize swali moja tu: noti zangu unazijua, ama unaskia tu mvumo?

Akisema anazijua, uko rada.